Kula mimea kwa kanuni za Kichina: makosa ya mwaka wangu wa kwanza jikoni Guangzhou

Kosa la kwanza lilikuwa saladi. Nilipoacha nyama, akili ilikimbilia majani mabichi, matango na juisi ya kijani kutoka kwenye friji. Ndani ya wiki mbili tumbo likajaa gesi, choo kikalegea kila asubuhi, na vidole vikawa baridi hata mchana wa jua kali. Wengi wanaohamia kwenye mlo wa mimea hupita hapohapo, kisha husema mimea haiwafai na kurudi kwa kuku. Mimea inaonewa tu; kilichokosekana ni moto.

Wafanyabiashara wetu wanaijua Guangzhou kwa mtaa wa Xiaobei, maduka ya jumla na makontena. Jikoni kwake huingia wachache. Ni mji wa joto na unyevu, na mpishi wake akishika mboga sokoni hufikiria mambo matatu kabla ya bei: mboga hii ni ya baridi au ya moto, ladha yake ni ipi kati ya tano (chachu, chungu, tamu, kali, chumvi), na leo hali ya hewa ikoje. Msingi wa yote ni tumbo, wanalolifananisha na chungu kilichotegwa juu ya moto. Ukikimiminia vitu vibichi na vya barafu kutwa nzima, moto unazimika na chakula kinalala bila kuiva. Tabibu Li Dongyuan wa karne ya 13 alijenga mafundisho yake juu ya tumbo na kile wanachokiita *pi*. Neno hilo hutafsiriwa bandama, lakini hapa lina maana ya kazi nzima ya kusaga chakula na kukigeuza kuwa nguvu, kwa hiyo usiende kulitafuta kwenye picha ya ultrasaundi. Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang (karne ya 7), naye alifundisha kwamba tabibu aanze kutibu kwa chakula, na chakula kikishindwa ndipo atoe dawa.

Mswahili wa pwani haya hayamshangazi. Kwetu pia kuna vyakula vya baridi na vya moto, na mzazi aliyetoka kujifungua hutiliwa pilipili manga na tangawizi kwenye supu kwa sababu hiyohiyo. Lakini usihamishe orodha ya bibi yako kwenda China. Huko ndizi mbivu ni ya baridi, na tikiti maji ni la baridi zaidi. Lichi na longan, matunda madogo ya ganda, ni za moto, boga ni la uvuguvugu, viazi vitamu na karanga vimo katikati. Mchicha, ambao Guangzhou wanaupenda kama sisi, ni wa baridi kiasi, ndiyo maana huukuti mezani bila kitunguu saumu. Tena jiko hubadilisha tabia ya chakula: karanga za kuchemsha ni za wastani, zikikaangwa zinapandisha moto. Wachina wana neno moja, *shanghuo*, linalobeba koo kuwasha, vidonda vya mdomo, chunusi na choo kigumu baada ya siku tatu za vitu vya kukaanga. Kwa vipimo vya maabara hutaiona "baridi" hiyo wala "moto" huo. Mimi huzichukua kama kanuni za mpishi: zinanikumbusha kupika, kuchanganya na kutozidisha kitu kimoja.

Tiba ya saladi ni uji. Kwa watu wawili, osha gramu 100 za mchele, uchuje, uchanganye na kijiko cha chai cha mafuta na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha uuache nusu saa. Punje zitaanza kuwa nyeupe na kupasuka nyufa ndogo. Hizo ndizo zitakazofumuka haraka. Chemsha lita 1.2 za maji kwanza, ndipo umimine mchele. Ukiuanzisha kwenye maji baridi unazama na kushika chini. Koroga dakika tano mfululizo, punguza moto, funika ukiacha mwanya wa kijiti kimoja cha kulia kati ya sufuria na kifuniko (bila mwanya huo utafuta jiko, nakuhakikishia), kisha uache dakika 40 hadi 50. Uji ulioiva hauonyeshi maji upande mmoja na punje upande mwingine. Ukiuinua kwa mwiko unashuka kama kitambaa. Ukiona mzito, ongeza maji ya moto. Maji ya baridi huukata, ukabaki na supu ya wali.

Uji wa *xiaomi* ni jambo jingine na mimi naupenda zaidi. Hii ni nafaka ndogo ya njano ya China ya kaskazini, ndugu wa uwele kwa mwonekano. Gramu 80 kwa lita 1.2, dakika 30 hadi 35. Ioshe mara mbili tu, bila kuisugua, maana unachokitaka ni ule ute wake. Ukishazima jiko usikoroge. Acha dakika kumi, utaona utando mwembamba unajikunja juu kama uso wa maziwa yaliyopoa. Wachina huuita mafuta ya uji, na mgonjwa au mzazi ndiye huupewa kwanza.

Neno kwa wenye kisukari: nafaka iliyochemshwa mpaka ikasambaratika hupandisha sukari haraka kuliko wali wa kawaida. Theluthi moja ya mchele iwe choroko au maharage, ule pamoja na tofu (jibini la soya), na bakuli liwe dogo.

Baada ya uji, wengi hukimbilia duka la dawa za miti, na pesa huondokea hapo. Soko la Qingping, wilaya ya Liwan, lina kila kitu kikavu unachoweza kukifikiria, na mgeni huondoka na mifuko kumi asiyojua kuitumia. Kabla ya chochote jifunze vipimo: *jin* ni gramu 500, *liang* ni gramu 50. Bei inayoonekana ya bure kwa uyoga mzuri huenda ni ya liang. Uliza kabla muuzaji hajapima na kukukatia mfuko.

Maharage mekundu yapo ya aina mbili. Yale ya mviringo, manene, ni ya uji mtamu na keki. Ya "kutoa unyevu" mwilini ni *chixiaodou*, membamba, marefu kidogo, rangi ya kiza. Mimi nilinunua kilo mbili za manene na kuyapikia dawa majira yote ya mvua. Hayana dhara, ila siyo hayo. Zenye dhara ni mbegu zenye nusu nyekundu na nusu nyeusi, zile watoto huzitunga shanga: ni sumu kali, na zikionekana ndani ya mfuko wa maharage, mfuko mzima utupwe. *Yin'er*, uyoga mweupe wenye umbo la ua, usiununue ukiwa mweupe kama karatasi. Uzuri wake ni rangi ya krimu, na ukiupeleka puani usichome. Ukichoma, umefukizwa kwa salfa. Goji, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, nazo zikilowekwa maji yake yawe ya njano hafifu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo, kuna rangi ya kupaka. Tende za Kichina, *hongzao*, si tende hata kidogo: mti wake ni ndugu wa mkunazi wetu. Chagua zenye ngozi iliyokunjamana vizuri na isiyo na tundu, kwa kuwa tundu ni mlango wa mdudu. Nyumbani zitoe kokwa kabla ya kupika. Wakanton, wenyeji wa Guangzhou, husema kokwa ndiyo inayopandisha moto. Mimi nazitoa kwa sababu ya meno.

Machi na Aprili Guangzhou hutokwa jasho. Hewa ya joto na unyevu inaingia kutoka kusini wakati kuta bado ni baridi, vigae vinalowa, nguo hazikauki siku nne. Hapo kila mtu anapika *yimi*, punje nyeupe nene zenye mfereji katikati, pamoja na chixiaodou. Gramu 50 kwa 50, lita mbili za maji, viloweke saa sita, chemsha saa moja na nusu, unywe maji na kula punje. Kosa la wengi ni kutumia yimi mbichi kila siku. Ni ya baridi, na mwenye tumbo jepesi ataharisha. Ikaange kwanza kwenye karai kavu, moto mdogo, dakika 10 hadi 12, ukigeuza bila kuacha mpaka inukie kama bisi na rangi ielekee manjano. Iliyokaangwa haihitaji kulowekwa muda mrefu na hukaa kwenye mtungi miezi miwili. Wajawazito huambiwa waiache kabisa, na hilo usilibishie.

Joto likianza Mei, choroko huchukua nafasi. Zipo supu mbili ndani ya sufuria moja. Gramu 100 kwa lita 1.5, zimelowekwa saa mbili: ukichemsha kwa nguvu dakika nane, sufuria imefunikwa, na kuchuja, unapata maji ya kijani kibichi, ndiyo ya kushusha joto, kwa maana kwa hesabu yao ubaridi upo kwenye ganda. Zilizobaki rudisha jikoni na maji mapya dakika 40, zipasuke, tia sukari ya mawe kidogo, hicho ni chakula. Maji yako yakigeuka mekundu usiogope. Ni hewa na maji yenye chokaa, hayajaharibika. Yanywe ya uvuguvugu. Barafu ndani yake ni kurudi kwenye saladi kwa mlango wa nyuma.

Majani ya kiangazi yanakwenda na tangawizi. Karai liwe na moto mpaka moshi mwembamba uanze, vijiko viwili vya mafuta, vipande vinne vya tangawizi na punje tatu za kitunguu saumu kwa sekunde kumi, mchicha nusu kilo uliokung'utwa maji, chumvi, dakika moja na nusu, basi. Mchicha uliolowa hushusha joto la karai, ukachemka badala ya kukaangika. Karela ikatwe nyembamba, ikandwe na nusu kijiko cha chumvi dakika 15, ikamuliwe, kisha ikaangwe na maharage meusi yaliyochachushwa. Kwenye majiko ya mahekalu ya Kibudha kitunguu saumu, vitunguu na jamaa zake haviingii; ladha inatoka kwa tangawizi, uyoga na mafuta ya ufuta. Inafaa kujaribu wiki moja hivyo. Utagundua jinsi kitunguu saumu kinavyokufichia uvivu.

Sasa jambo la hatari kuliko yote, na wapishi wa mimea ndio wanaokutana nalo. Uyoga mweusi wenye umbo la sikio, *mu'er*, hulowekwa kwenye maji ya baridi saa moja au mbili. Usiulaze usiku kucha mezani. Kuna bakteria anayezaa kwenye vyakula vilivyolowa na vya wanga uliochachuka, akatoa sumu iitwayo asidi ya bongkreki, na sumu hiyo haiuawi kwa kuchemsha. Oktoba 2020 familia moja huko Jixi, mkoa wa Heilongjiang, ilipoteza watu tisa kwa tambi nene za mahindi yaliyochachushwa. Jirani zetu wa Msumbiji wanaijua bila kulijua jina lake: Januari 2015, Chitima, mkoa wa Tete, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji iliyonywewa msibani, na baadaye wachunguzi wakaikuta sumu hiyohiyo. Uyoga ukiwa na utelezi au harufu, tupa. Usiuonje "kuhakikisha".

Maziwa ya soya nayo yana hila. Gramu 100 za soya zilizolowekwa saa nane (kiangazi ziweke kwenye friji), zisagwe na lita 1.1 ya maji, zichujwe kwa kitambaa. Ukiweka jikoni, yakifika karibu nyuzi 80 povu linapanda ghafla na unadhani yamechemka. Wachina huliita chemko la uongo. Nilizima jiko hapo, nikanywa bilauri mbili, na asubuhi nzima nikawa kati ya kitanda na choo. Punguza moto, ondoa povu kwa mwiko, subiri yachemke kweli, kisha hesabu dakika nane tangu hapo. Makapi usitupe: kaanga na karoti na majani ya kitunguu, ni mboga ya watu wawili.

Vuli ni kavu, midomo inapasuka. Yin'er kichwa kimoja cha gramu 15, saa moja na nusu kwenye maji ya baridi, kata kitako cha njano, chana vipande vidogo kama kucha. Lita 1.5, moto mdogo saa moja, kisha peasi moja na dakika 20 zaidi, sukari na goji mwishoni. Mchuzi usiponata, vipande vilikuwa vikubwa au ulikosa subira.

Baridi ya Desemba ndiyo ya chungu cha udongo. Kipya hakipikiwi siku ya kwanza: kichemshie uji mwepesi saa moja, uuache ndani mpaka upoe, wanga uzibe vitundu vya udongo. Cha kwanza changu kilipasuka kwa kijiko kimoja cha maji ya bomba juu ya kitako kikavu chenye moto. Kukiweka kikiwa cha moto juu ya vigae vya sakafu hukipasua vilevile. Weka juu ya ubao au kitambaa kilichokunjwa.

Supu yetu ya Jumapili, watu wanne: uyoga wa shiitake wakavu wanane uliolowekwa saa nne, maji yake yamiminwe taratibu ili mchanga ubaki chini, karanga mbichi gramu 60, korosho mbichi gramu 50, mahindi mawili yaliyokatwa vipande vitatu vitatu, karoti gramu 250, hongzao sita, tangawizi vipande vitatu, maji lita 2.5 pamoja na yale ya uyoga. Moto mkubwa dakika kumi, kisha mdogo kabisa saa moja na robo, kifuniko kisiguswe mpaka dakika 25 za mwisho. Korosho na karanga ndizo zinazoupa mchuzi mwili ambao mifupa ingeutoa. Ukiziacha, utapata maji matamu ya mahindi. Kiazi kikuu cha Kichina, *shanyao*, gramu 300, kinaingia dakika 25 za mwisho. Kimenye ukiwa na glavu, kwa kuwa ute wake unawasha vibaya; ukishawashwa, paka siki. Chumvi itiwe mwisho kabisa, wakati kila mtu ameshakaa.

Gharama isiyosemwa ni gesi na muda. Saa moja na nusu ya jiko kila siku haibebeki kwa mtu wa kazi. Nilichofikia ni supu mbili kwa wiki, uji kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyotegwa saa usiku, na siku nyingine mboga ya karai na tofu. Tofu ngumu gramu 150 hadi 200 kwa siku kwa mtu mzima, na maharage juu yake, vinginevyo uji utakushibisha na protini itakukimbia. Chai nzito isiandamane na chakula. Inazuia madini ya chuma. Vitamini B12 haimo kwenye mimea, na tofu iliyochachushwa si ya kutegemewa kwa hilo. Mimi nilikawia mwaka mzima kabla ya kupima, na kipimo kilinisuta. Kidonge cha B12 kina bei ndogo kuliko goji za mwezi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse goji bila kumwambia daktari, kwa sababu huongeza nguvu ya dawa hiyo. Chai za mitishamba za Kikanton zinazouzwa vibandani, nyingine zina mizizi mitamu ya *gancao* (licorice), nayo kwa wingi hupandisha shinikizo la damu.

Kwenye rafu sasa imebaki mitungi saba: mchele, xiaomi, choroko, chixiaodou, yimi iliyokaangwa, karanga na uyoga mkavu. Tangawizi inakaa nje kwenye kikapu. Goji na hongzao zipo kwenye friza, maana Juni mwaka uliopita nilifungua mtungi na nondo watatu wakaruka kunipita usoni.